Jina Ambalo Sikuliandika

Sogeeni, wanangu, mnisikilize kwa masikio yote mawili, maana sauti niliyobakiwa nayo ni kidogo na maneno niliyoyalimbikiza ni mengi. Fredy, funga mlango wa uani, ng'ombe atasubiri majani yake. Tabitha, mama, niinue kwa huo mto nisije nikakabwa na kikohozi katikati ya neno. Elisaria, mzaliwa wangu wa kwanza, mchungaji, kaa hapo kuliani kwangu, na hicho kikasha cha Chakula cha Bwana ulichokuja nacho ukiweke chini kwanza, tutakifikia. Daktari aliniambia nirudi nyumbani nikapumzike, na mtu wa miaka themanini na mitatu anajua maana ya kupumzika. Macho yangu yamekwisha, lakini masikio bado ni yangu, na sitaki mtu atoke humu kabla sijamaliza.

Na wewe Aikaeli, usikae hapo mlangoni. Umekaa mlangoni miaka ishirini na sita, imetosha. Mpeni kiti. Najua mnatazamana, na najua Elisaria anataka kusema kwamba haya ni mambo ya ukoo, mtu wa nje hana nafasi. Mimi ndiye niliyemwita. Jana nilimtuma Fredy Kwa Sadala, pale sokoni mama huyu anapouza ndizi zake, amwambie mzee Gidioni anamwomba aje leo saa nane mchana. Nilisema anamwomba, sikusema anamwita. Fredy hakujua sababu, kwa hiyo msimlaumu.

Nitaanza na mali, kwa sababu nawafahamu, mtu anayengoja kusikia habari za kihamba, shamba la ukoo, hasikii jambo lingine. Fredy, wewe ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu nyumba hii na kihamba kinachoizunguka ni vyako, pamoja na makaburi yaliyomo, na anayeachiwa makaburi ameachiwa kazi. Elisaria, shamba la chini la mahindi nilikukabidhi ulipooa, na mipaka yake unaijua. Tabitha, wazee wa zamani wangesema binti harithi, ataolewa akale kwa mumewe; lakini wewe ndiwe uliyefua mashuka yangu miezi hii minne bila kukunja uso, kwa hiyo mistari yote ya kahawa iliyo juu ya barabara ni yako, na asitokee mwanamume wa ukoo huu akakuuliza umeipataje. Ng'ombe mweusi ni wa Fredy, ndama ni wa Tabitha. Mpaka wa upande wa Fabian una habari yake, nitaueleza mbele.

Kimebaki kipande kimoja, kile cha ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, penye migomba ya mshare na mparachichi. Kila mmoja wenu amewahi kuniuliza ni cha nani, nami nilikuwa nikijibu kwamba mwenyewe atakuja. Mwenyewe yupo. Ana miaka ishirini na mitano, ni fundi wa kuchomelea mageti kule Majengo, mjini, na jina lake ni Gidioni. Fredy, usigune. Nasema huyo ni mjukuu wangu wa kwanza, mzaliwa wa kwanza wa mzaliwa wangu wa kwanza, na mama yake ndiye huyu mliyempa kiti sasa hivi.

Hapana, Elisaria. Usiseme tuombe. Ombi hilo nalijua, nimelitumia mimi kabla yako. Katika miaka thelathini na minane ya uzee wa kanisa nimewanyamazisha watu wengi kwa maombi kuliko nilivyowanyamazisha kwa ukali. Mtu anataka kusema jambo zito, wewe unafumba macho, unainua mikono, unaanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya mvua, na ukifika kwenye amina mwenzako ameshaona haya kuendelea. Leo tutaomba mwishoni, na nitaomba mimi. Toa mkono wako begani kwangu. Sijachanganyikiwa akili, na kama unataka uthibitisho nitakutajia siku na saa.

Ulikuwa chuo cha uchungaji, umebakiza miaka miwili, ukaja likizo ya Julai kahawa ikianza kuiva. Aikaeli alikuwa na miaka ishirini, mwimbaji wa kwaya, na yeye na wenzake wawili ndio waliokuwa wakifua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu. Mlikuwa mkishuka pamoja baada ya mazoezi ya kwaya, watu wakiwaona, nami nikiwaona, na sikuona ubaya. Ulimwahidi ndoa. Hilo sikuambiwa na jirani, uliniambia wewe kwa kinywa chako. Kisha ukarudi chuoni, na ilipofika Desemba binti wa watu hakuweza tena kulificha tumbo chini ya joho la kwaya.

Tukamwita mbele ya baraza la wazee, siku ya Alhamisi, katika kile chumba cha nyuma ya madhabahu. Tulikuwa sita: mchungaji wa wakati ule, jirani yetu Fabian, wazee wengine watatu ambao wameshatangulia kama huyo mchungaji, na mimi, mwenyekiti, na mwandishi pia, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa na mimi nilikuwa nikipenda kusifiwa. Nikamuuliza kwa ile sauti yangu mnayoikumbuka: ni nani? Akasema, "Ni Elisaria wa kwako, mzee." Hakulia, wala hakuinamisha kichwa.

Kalamu yangu ikasimama. Fabian akakohoa. Mchungaji akatazama dirishani akauliza kama mvua itafika. Wanangu, nataka mjue jinsi dhambi kubwa inavyotendeka kwa utulivu: hakuna aliyegombana, hakuna aliyepiga meza. Niliandika kwa wino wa bluu kwamba binti aliulizwa jina la mwanamume akakataa kumtaja. Nikawasomea. Wote wakasema sawa. Na kwa kuwa kukataa kumtaja mwenzako ni kosa juu ya kosa, tukamtenga na Meza ya Bwana mpaka siku atakapokubali kutaja. Daftari lile bado limo kabatini mwa ofisi ya usharika, na anayetaka kuona mwandiko mzuri akautazame.

Wewe, Elisaria, nilikufuata chuoni wiki ile ile. Ulipiga magoti nyuma ya bweni, ukalia, ukasema utamwoa, utaacha masomo ukalime. Je, unakumbuka nilichokujibu? Nilikuambia, "Nyamaza. Mungu amekuita, usimwaibishe Mungu." Ulikuwa tayari kuwa mwanamume, mimi nikakukataza. Kwa hiyo kabla sijakuhukumu hapa mbele ya ndugu zako, nakiri kwamba uongo huu niliuzaa mimi, wewe ulifundishwa tu kuulea. Lakini mtoto wa miaka ishirini na mitano husukumwa na babaye. Mtu wa miaka hamsini na moja anatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Ngojeni. Maji, Tabitha. Kidogo tu.

Jumamosi iliyotangulia ile Jumapili ya kumtangaza kanisani kuwa ametengwa, Melkior, baba yake Aikaeli, alikuja hapa asubuhi na mapema. Alisimama pale kwenye lango akiwa ameshika isale mkononi. Ninyi watoto wa siku hizi isale mnaliona ni jani la kupandia mipaka, lakini sisi tulilelewa tukijua kwamba mtu akikujia na isale lililofungwa fundo, hata kama amemuua ndugu yako, hulikatai, unalipokea, na mazungumzo yanaanza. Mkosaji ndiye huleta isale. Melkior hakuwa amekosa kitu. Aliyekosewa ndiye aliyekuja kuniomba amani, akisema hataki ndoa, hataki ng'ombe, anaomba tu mwanawe asisimamishwe mbele ya watu. Nami nikamwambia mambo ya kipagani tuliyaacha, peleka jani lako kwa waganga. Mimi, ambaye masale yamezunguka kaburi la baba yangu na kila mwaka nayapalilia kwa mkono wangu. Alilitua chini taratibu, akaondoka, na mimi nilipokwenda kanisani nililiruka nisilikanyage, kwa sababu niliogopa. Moyoni niliogopa isale kuliko nilivyomwogopa Mungu niliyekuwa nikienda kumtumikia. Melkior alikufa miaka saba baadaye, tukiwa hatujasalimiana.

Jumapili ile Aikaeli alisimamishwa mbele ya usharika, tumbo la miezi mitano, nami nikasoma tangazo. Mama yenu alikuwa benchi la tatu. Hakuniambia neno siku ile wala siku nyingine, lakini tangu Jumapili ile hakukaa tena upande wangu kanisani, na mtoto alipozaliwa alikuwa akipita katikati ya migomba na chungu cha mtori chini ya khanga, akimpelekea mzazi, akidhani sijui. Nilijua. Nilimwacha afanye kwa siri wema ambao mimi ndiye niliyepaswa kuufanya mchana, kisha nikaenda kaburini kwake nikamsifu kwa utii. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanangu, na mshindo wa kimya cha mama yenu haujaniisha masikioni.

Sasa sikilizeni jinsi Aikaeli alivyotushinda. Kila mwaka kabla ya Pasaka wazee huwaita waliotengwa, wakawauliza kama wako tayari kurudi kundini. Kila mwaka nilimuuliza, "Uko tayari kumtaja?" Na kila mwaka alinijibu, "Nilishamtaja." Hakuongeza, hakupunguza. Angeweza kusema jina lolote, jina la dereva fulani aliyepita akaenda zake, akapata ushirika wake na mtoto akabatizwa na mambo yakaisha. Angeweza kuhamia kanisa lingine, yako mengi. Alikuja kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, akaimba nyimbo zote, na tulipoanza kuandaa meza akatoka. Sisi tuliobaki ndani tukala na kunywa.

Na mtoto alipozaliwa akampa jina. Mnajua desturi yetu: mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu, baba wa baba yake. Akamwita Gidioni. Hakupiga kelele, hakwenda kwa balozi, hakuandika barua kwa wakubwa wa kanisa. Alimwita mwanawe jina langu, akamtuma dukani, akamwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya mfongo, na kijiji kizima kikaelewa siku ile ile. Walielewa, wakaendelea kuniamkia shikamoo mzee wa kanisa. Siku moja niko sokoni Kwa Sadala nachagua mbegu za maharage, nikasikia, "Gidioni, wewe Gidioni, njoo hapa." Nikageuka. Akageuka na kijana wa miaka tisa hivi, ana paji la uso la baba yangu mzazi. Tukatazamana. Muuza mbegu akainama kupanga makopo yake. Nami, wanangu, nilimpita yule mtoto kama ninavyopita nguzo.

Nimewasomea Maandiko maisha yangu yote, nikiwakalisha hapo sebuleni kila jioni mkisinzia. Sikuwahi kuwasomea habari za Yuda na mkwewe Tamari, nilikuwa nairuka. Yuda aliposikia mkwewe ana mimba alisema atolewe nje achomwe moto, akasema upesi, maana dhambi ya mwingine haina uzito mkononi. Tamari akampelekea fimbo ya Yuda mwenyewe na pete yake, akasema mwenye vitu hivi ndiye aliyempa mimba. Basi Yuda, pamoja na ubaya wake wote, alipoiona fimbo aliitambua, akakiri mbele ya watu kwamba yule mwanamke ana haki kuliko yeye. Aikaeli hakuwa na fimbo wala pete ya mtu. Alikuwa na desturi yetu, akaitumia hiyo, na mimi nikawa mbaya kuliko Yuda kwa miaka ishirini na sita.

Na yule kuhani Eli, huyo nilimhubiri mara mbili. Wanawe walikuwa wakilala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema, naye akajua, akawakemea kidogo kwa mdomo, akawaacha na kazi yao ya ukuhani. Nilihubiri kwa machozi, watu wakalia, nikashuka mimbarani nikisikia vizuri moyoni. Hakuna mahali pazuri pa kujificha kuliko nyuma ya Biblia iliyofunguliwa. Eli naye alipofuka macho. Sisemi Mungu ndiye aliyenipofusha, daktari amesema ni presha ya macho, lakini tangu nuru iondoke nimekuwa na muda wa kuyatazama haya.

Fabian sasa. Mnashangaa kwa nini mpaka wake unahama. Kila mwaka anausogeza hatua moja kuja kwetu, na kila mwaka Fredy ananiuliza, baba, mbona unanyamaza, nami najibu kwamba Mkristo hagombani na jirani. Uongo. Fabian alikuwa chumbani siku ile. Hajawahi kunitisha hata mara moja, anasogeza tu masale yake na kunisalimia. Fredy, kuanzia leo waweza kumwendea ukamwambia aurudishe, maana hana tena cha kunifunga nacho mdomo. Mwambie kwa heshima, ni mzee.

Haya yote ningekufa nayo, nisiwafiche. Nilishajiandaa kufa nayo. Lakini wiki tano zilizopita Fredy aliniwekea kwenye simu mahubiri ya kaka yake, nifurahi. Nikakusikia, Elisaria. Ulikuwa umemsimamisha binti mmoja, Pamela, mwalimu wa shule ya Jumapili, ana mimba, na alikuwa amekataa kumtaja mwanamume. Ukamwambia mbele ya watu mia nne, "Dada, taja, kweli itakuweka huru." Watu wakapiga makofi. Nilimwambia Fredy azime, nikageukia ukutani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sikujua kama nimemsikia mwanangu au nimejisikia mimi, sauti ni ile ile, hata ule mtuo kabla ya neno huru ni wangu, umeurithi pamoja na shamba la mahindi. Na Jumapili ya wiki ijayo wanakusimika kuwa mkuu wa jimbo, uwe juu ya wachungaji wote wa huku mlimani mpaka Sanya Juu, na ndugu zako wameshashona sare.

Tulia, Tabitha, usilie, bado sijafika.

Bwana Yesu aliwasema walimu wa sheria kwamba wanafunga mizigo mizito, wanawatwika watu mabegani, wao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Nilidhani anawasema Wayahudi wa zamani. Elisaria, sikukuita unipe Chakula cha Bwana. Nimejitenga. Sheria niliyomsomea Aikaeli nimejisomea mwenyewe, na kwa sheria hiyo mtu aliyeficha hasogelei meza mpaka asimame aseme. Hicho kikasha rudi nacho ulikotoka. Na kwa kuwa miguu yangu haisimami tena, nimewakusanya hapa niseme: mimi Gidioni, mzee wa kanisa, nilisikia jina la mwanangu likitajwa na sikuliandika, nikaandika uongo juu ya binti asiye na mtu wa kumtetea barazani, nikakataa isale, nikamkana mjukuu wangu sokoni. Aikaeli, mama, nimekosa. Siombi mchungaji anipokee. Nakuomba wewe.

Mwacheni ajibu. Asiharakishwe.

Sema tena, mama, Fredy amekohoa. Mmemsikia? Anasema, "Nimekusikia, mzee. Lakini mimi mlinisimamisha mbele ya watu. Hapa ni chumbani."

Hapa ni chumbani. Naam. Nilidhani nimetua mzigo, kumbe nimeuhamisha bega. Ana haki. Nilimwaibisha kwa kipaza sauti, nikataka kumtakasa kwa kunong'ona, na watu wa ukoo wangu tu wakiwa mashahidi. Hata leo, hata kitandani hapa, nilikuwa natafuta njia ya mkato. Asante, mama. Umenizuia nisife mnafiki.

Basi wosia wangu ni huu, na yale niliyokuwa nimeyapanga ya maziko yangu yafutwe. Jumapili hii inayokuja, nikiwa hai mtanibeba na godoro hili mpaka kanisani, mniweke pale mbele, mahali wanaposimamishwa waliotengwa, na nitasema mwenyewe. Nikiwa nimekufa, jeneza langu litawekwa hapo hapo, lisipelekwe karibu na madhabahu, na kengele isigongwe kwanza. Wasifu wa marehemu hautasomwa ule wa kwamba alilitumikia kanisa kwa uaminifu. Tabitha, utasoma wewe haya niliyoyasema, mtaje Aikaeli kwa jina lake, na utaje jina la mwanamume. Usisome kwa hasira, soma kama unavyosoma tangazo. Mkimaliza, baraza la wazee wafungue lile daftari mbele ya watu na waandike chini ya mwandiko wangu kwamba binti aliulizwa akataja. Kengele igongwe baada ya hapo, wakipenda. Wakikataa kunizika kwa ibada, nizikeni ninyi, shimo ni la Fredy kuchimba, na Mungu anapajua kihambani.

Kijana wetu Gidioni hakuja leo. Alimwambia mama yake kwamba yeye hana babu, na hajasema uongo. Msimlazimishe kuja msibani. Lakini kipande cha ng'ambo ya mfongo ni chake, Fredy utampelekea hati mkononi, usimwite aje kuichukua, mfuate Majengo kazini kwake, na ukifika umsalimie kwa adabu kabla ya kusema lolote. Asipoitaka, kipande kikae bila mtu. Asikilime mtu mwingine hata migomba ikizeeka.

Elisaria, wewe... subiri, pumzi. Wewe nakuagiza ukate isale pale kwenye kaburi la babu yako, ulifunge fundo, utembee kwa miguu mpaka nyumbani kwa Aikaeli, mchana, siku ya soko, kola ikiwa shingoni. Mkeo umwambie wewe kabla hajasikia kanisani. Na kabla hujamwambia tena binti yule Pamela aseme, nenda kamwombe radhi umketishe. Kuhusu kusimikwa, siwezi kukuamulia. Ukiwa unataka kiti kile, kikalie baada ya watu kujua ni nani anakikalia.

Nimechoka, wanangu. Shikeni hapa. Huu ni mkono wa Tabitha, naujua. Mungu akupe nyumba yenye kicheko, mama, na asikupe mtu wa kumwogopa. Fredy, Mungu akupe maji ya mfongo yasiyokauka na mdomo usioogopa majirani. Gidioni wa Majengo, popote alipo... jina lile nililichafua, Mungu amsafishie yeye alitumie vizuri. Aikaeli, wewe siwezi kukubariki, mimi si mtu wa kukubariki wewe. Nasema tu Mungu aliyekuona benchi la mwisho akuone.

Na wewe, mwanangu wa kwanza. Sitaki nikufungie baraka, nimefunga watu wa kutosha. Mungu akupe aibu. Akupe mapema, ungali na nguvu, ungali na macho, asikucheleweshee kama mimi... Hiyo ndiyo baraka yangu, sina nyingine nzuri kuliko hiyo. Amina.

Nani amepiga magoti? Elisaria... unasema nini? Sauti ndogo hiyo... sisikii tena vizuri...

Usiniambie mimi, mwanangu. Mimi nilishajua. Mgeukie Aikaeli. Yuko nyuma yako.